Vidonge Vyangu na Zamu za Baba Ekisa

Wagonjwa wenzangu wa dripu huacha dawa yao hospitali. Wanakaa kwenye viti vile virefu, dawa inaingia polepole, sindano inachomolewa, wanarudi nyumbani na kichefuchefu chao. Mimi dawa yangu nilirudi nayo kwenye kiondo, kando ya mkate, nikaishi nayo nyumba moja. Mwanzoni nilijiona nimebahatika. Nilimwonea huruma mama mmoja pale kliniki ambaye mishipa yake ilikuwa imejificha, anadungwa hapa anadungwa pale. Miezi miwili baadaye nilikuwa namwonea wivu. Dawa yake haikumfuata mpaka jikoni.

Namwandikia yule aliyepewa vidonge hivi wiki hii na hajui vitakaaje kwake nyumbani. Niliacha shule darasa la saba, na sina hakika kwamba kila kitu kilikuwa vile ninavyokikumbuka. Pia nina wivu, na mtu wa wivu huona vitu vikubwa kuliko vilivyo. Kwa hiyo pale ambapo mwenzangu anastahili sifa nimejaribu kumpa, hata iliponiuma.

Jina langu ni Amoit, lakini wengi wananiita Mama Ekisa. Kabla sijaugua nilikuwa nauza uji na chapati kwa madereva kwenye foleni ya malori Malaba. Mume wangu, Omuse, ndiye Baba Ekisa, anaziba pancha za malori hayo hayo. Tunaishi nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea Moding. Boma letu lina nyumba mbili zinazotazamana, na katikati kuna kamba ya nguo. Moja ni yangu. Ya pili ni ya Nafula, mke mdogo, Mluhya kutoka Burumba. Tulikuwa na zamu tangu alipokuja: siku mbili Baba Ekisa analala kwangu, siku mbili kwake. Mimi na Nafula hatukupendana na hatukupigana. Tulisalimiana.

Damu kwenye choo nilidhani ni bawasiri. Ilikuwa saratani ya utumbo. Nilipasuliwa Eldoret, kipande cha utumbo kikatolewa, nikarudi nimekonda na kovu refu. Halafu nikaambiwa nitameza vidonge vya kemo, wiki mbili za kumeza na wiki moja ya kupumzika, kisha tena, kisha tena, mpaka iishe nusu mwaka. Mwezi huo huo Nafula akaonekana ana mimba. Tumbo lake linajaa, langu limepunguzwa. Niliwaza tu.

Siku ya kupewa vidonge, Baba Ekisa alinisindikiza Busia. Tulikaa kwenye benchi mpaka nikajua nyufa zote za ukuta ule. Sista alitufungia mlango akaanza kutueleza. Meza asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, na maji. Usivunje, usisage, usitafune. Ukisahau, usimeze mara mbili kulipiza. Ukiharisha sana kuliko kawaida yako, ukipata homa, ukitoka vidonda mdomoni ushindwe kula, acha kumeza na upige simu siku hiyo hiyo, usingoje kliniki. Na usichanganye na miti shamba bila kutuambia.

Hapo simu ya Baba Ekisa ikalia. Dereva fulani, tairi mbili zimepasuka. Akatoka nje kuongea. Aliporudi, sista alikuwa amefika mahali pa watu wa nyumbani, na nusu aliyoikuta ilikuwa hii: dawa inatoka na mkojo, choo na matapishi, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake na mtu aliyevaa glovu, mtu mwingine asishike vidonge kwa mikono mitupu, na mwanamke mjamzito asiviguse kabisa.

Nusu nyingine alikuwa ameisema Baba Ekisa akiwa nje. Kwamba kula pamoja ni sawa. Kukaa kiti kimoja, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, ni sawa. Kwa mambo ya ndoa, kuna mpira, akanipa pakiti. Nikaificha haraka kwenye kiondo kama mwizi.

Tuliposhuka Baba Ekisa alitangulia mpaka bomani. Akasimama kwenye kamba ya nguo, akasema, "Mama Ekisa, hii wiki mbili nitalala kwa Nafula."

"Kwa nini?"

"Si umesikia sista? Hii dawa inatoka kwa mwili. Nikilala kwako alafu niende kwake, nitakuwa naibeba. Nitaua mtoto."

"Hakusema hivyo. Alisema kulala pamoja ni sawa. Ulikuwa nje."

Aliniangalia, si kwa ubaya. Akasema, "Wewe unataka tu zamu yako."

Ubaya ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nilitaka zamu yangu. Na kwa vile niliitaka, nikaanza kujishuku mwenyewe. Pengine sista alisema kitu kingine, mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Pakiti ya mpira ilikuwa ushahidi wangu, lakini ningemwonyeshaje? Ingekuwa kama nambembeleza. Nikaingia ndani na kiondo changu.

Kwetu, mwenye mume wa nyumba mbili anajua hili: hata kama si zamu yako, sahani yako inaenda. Unapika, unafunika, unampelekea pale alipo, anaonja hata kama ameshiba. Ndiyo heshima ya jiko lako. Jioni ya kwanza nilipika mchicha na nyama kidogo, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikampelekea. Sahani ilirudi vile ilivyoenda. Haikufunuliwa. Kifuniko kilikuwa bado na matone ya mvuke upande wa ndani.

Nilikula chakula kile mwenyewe kwa sababu vidonge vinataka chakula. Kisha nikameza.

Mvua ya masika ilikuwa imeanza. Kutoka mlangoni kwangu nilikuwa namwona Nafula akikaanga vitunguu, namsikia Baba Ekisa akicheka. Mdomoni mwangu kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Viganja vikawa vyekundu, halafu vikaanza kuchubuka, na nyayo zikawaka kama nimekanyaga lami ya mchana. Sikuweza kushika chapati ya moto, mimi niliyekuwa nazigeuza kwa vidole mbele ya madereva. Nilipaka mafuta mazito, nikavaa soksi, nikatembea kama bata. Nafula anatembea pekupeku kwenye matope, visigino vyake vimepasuka, na havimuumi. Niliwahi kukaa nikitazama visigino vya mwanamke mwingine kwa wivu. Sikujua kama kuna wivu wa namna hiyo.

Wiki ya mapumziko ilipofika, Baba Ekisa aliongeza siku nyingine za "dawa iishe mwilini." Ndipo akaja. Alilala akiwa amenigeuzia mgongo, kwa woga, na bado nilifurahi. Alikuwa na harufu ya mpira wa tairi na sabuni ya Nafula. Siku chache, halafu vidonge vikaanza tena na yeye akavuka boma.

Katika mzunguko wa tatu nikaanza kuharisha. Asubuhi moja niliingia chooni nikatoka nikaingia tena, na mara ya mwisho sikufika. Hapa nataka nieleweke, maana ndiyo sababu kubwa ya kuandika: sikumeza vidonge vya asubuhi hiyo. Nilipiga namba niliyopewa kliniki. Sista akasema, "Acha kabisa, na uje leo." Usijipe moyo kwamba itapita. Usiseme umebakisha vidonge vichache, bora umalize. Dawa hii ukiilazimisha wakati mwili umekataa, inaweza kukumaliza kabla ya ugonjwa.

Kabla boda haijafika, Baba Ekisa alitoka kwenye nyumba ya Nafula amevaa glovu nilizopewa kliniki. Akachukua mashuka yangu yaliyochafuka, akayatia kwenye beseni peke yake, akaanza kufua. Jirani mmoja, Mzee Etyang, alikuwa anapita na ng'ombe.

"Omuse! Siku hizi wewe ndio mama wa nguo?"

"Njoo ushike hapa nikufundishe, mzee."

"Na wewe una wake wawili! Sasa mwenye mmoja atafanya nini?"

"Atafua zake."

Baba Ekisa alikuwa anaamini kwamba kwenye mashuka yale kuna sumu ya kumuulia mtoto. Bado aliyafua, akaoga mara mbili, akabadilisha nguo, ndipo akamkaribia Nafula. Nampa haki yake. Mwoga alikuwa, mvivu hakuwa.

Niliwekewa maji, nikalala hospitali, nikatolewa. Daktari akasema vidonge visimame mpaka nipone, halafu nitaanza tena kwa kipimo kidogo. Nikarudi nyumbani sina vidonge. Na baada ya zile siku zake za kungoja, Baba Ekisa akaja kwangu, akakaa. Zamu zikarudi kama zamani, mbili kwangu, mbili kwake. Alikula sahani yangu. Viganja vikaanza kuota ngozi mpya. Mvua ikapungua, mahindi yakatoa mbelewele, na mimi nikajifunza jambo la hatari: bila vidonge, mume anarudi.

Kwa hiyo tulipoanza tena kipimo kile kidogo na yeye akavuka boma bila hata kuniaga vizuri, moyo wangu ulifanya hesabu yake. Nafula alikuwa mzito sasa. Nilimwona amekaa kwenye ngazi yake, Baba Ekisa anamkanda miguu iliyovimba. Nikawaza, hawa wawili wanangoja. Mimi nikiondoka, hakuna atakayehama. Kila kitu kiko upande ule tayari.

Jioni hiyo nilikuwa sijala. Niliweka vidonge kwenye kisahani, nikakaa navyo mezani, nikavitazama. Nafula akapita kuanua nguo, akaniona kupitia mlango ulio wazi.

"Dada mkubwa, umemeza?"

"Leo simezi."

"Sista amekwambia?"

"Mimi nimejiambia."

Akasimama pale kizingitini, mkono mmoja kiunoni. Hakuingia. Tangu mwanzo hakuwahi kukaribia vidonge vyangu, na katika hilo alikuwa sahihi kuliko sisi wote.

"Kwani umeanza kuharisha tena? Mdomo?"

"Niko sawa. Rudi kwako, mume wako anakungoja."

"Ati mume wangu." Akacheka kwa pua. "Huyu mume wangu unamjua? Akiingia kwangu, 'Nafula, Mama Ekisa amekula? Nafula, taa yake inawaka? Nafula, umesikia akikohoa?' Kila saa! Ako kwangu miguu tu. Nikimpikia samaki anasema Mama Ekisa huweka ndimu. Mimi nimechoka na jina lako, mwanamke wewe. Hata usingizini anakutaja."

Sikuwa nimejua. Niseme ukweli, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa raha. Raha mbaya, ya kumwona na yeye ameungua. La pili ndilo lilikuwa aibu.

"Unanionea wivu wewe?" nikamuuliza. "Wewe? Na hilo tumbo?"

"Hili tumbo linanisaidia nini? Ananiangalia kama yai. Wewe anakuangalia kama mtu." Akakaa chini kizingitini, taratibu, kwa kushika fremu ya mlango. "Sasa mimi siwezi kushika hizo vitu nikutie mdomoni. Lakini naweza kukaa. Nitakaa hapa mpaka umeze. Nikipata uchungu, nitazalia hapa hapa, na wewe ndio utaitisha boda."

"Nafula, enda."

"Siendi. Wewe ukufe, mimi nibaki na huyu mzee peke yangu? Na hadithi zako? Mtu aliyekufa hashindwi, dada. Ukiwa hai angalau naweza kukupita siku moja moja."

Hapo nilicheka. Kovu likanivuta, nikashika tumbo, nikaendelea kucheka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa na machozi, na ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anaogopa kweli.

Nilimwambia siwezi kumeza bila kula, na sijapika. Akainuka kwa taabu, akaenda, akarudi na ugali na samaki wake. Miaka yote ile sikuwahi kula kutoka jiko la Nafula. Alikiweka chakula kizingitini, nikakifuata. Nilikula. Ladha ilikuwa ya msumari kama kawaida, siwezi kusema alipika vizuri au vibaya. Nikameza vidonge na maji, kimoja kimoja, yeye akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa nasari.

Nilipomaliza nikamwambia ile nusu ambayo Baba Ekisa hakuisikia. Nikamwonyesha hata pakiti. Nilidhani atasema kama mumewe, kwamba nataka zamu tu. Akasema, "Kama ni hivyo, tumekaa kijinga. Na kama si hivyo, mtoto ni wangu, nataka kusikia na masikio yangu."

Kliniki iliyofuata tulikwenda watatu. Nafula alikuwa na kliniki yake ya wajawazito pale pale. Tulijaza benchi. Mama mmoja mfanyabiashara aliyevuka kutoka upande wa Uganda akatutazama, akatabasamu, akamwambia Baba Ekisa, "Ssebo, bwana mkubwa, leo umeletwa mahakamani?" Mzee alikuwa anafuta jasho.

Mbele ya sista, mimi nilishindwa. Maneno yalikuwepo, nikayameza kama vidonge. Baba Ekisa akatazama dari. Nafula ndiye aliyeuliza, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye benchi.

"Sista, huyu mzee anaogopa kulala kwa huyu mama akimeza dawa. Anasema ataniletea sumu kwa ngozi. Ni kweli ama ni uongo? Sema yeye akiwa hapa, na simu yake izimwe."

Sista hakucheka, Mungu ambariki. Alimgeukia Baba Ekisa akasema taratibu. Vidonge asivishike kwa mikono mitupu. Choo kifunikwe na kiwe safi, mikono ioshwe. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na mjamzito aachiwe mwingine kazi hiyo. Mpira utumike. Lakini kula pamoja, kukaa pamoja, kushikana, kulala kitanda kimoja, hakuna shida. "Mgonjwa anahitaji watu, mzee. Dawa haimfanyi kuwa sumu."

Baba Ekisa akaniuliza mimi, si sista, "Hivi ndivyo alisema siku ile?"

"Hivyo hivyo."

"Na mimi nikasema unataka zamu."

"Nilikuwa naitaka pia."

Nafula akapiga kofi paja lake. "Kwa hivyo mimi nimepika asubuhi na jioni miezi yote hii, mtu angekuwa anakula kule? Na miguu yangu imevimba hivi? Sista, huyu mtu hana dawa yake na yeye?"

Ushauri wangu kwa mwenye vidonge hivi ni mmoja kuliko mingine yote. Siku ya kuelezwa, nenda na kila mtu anayelala kwenye boma lako, na simu zizimwe. Maneno ya sista yakipitia kwako wewe mgonjwa, watu watadhani unajitetea. Na wewe mwenyewe utaanza kudhani hivyo.

Nilimaliza vidonge wakati wa kuvuna. Haikuwa rahisi mpaka mwisho. Kipimo kilipunguzwa tena, kucha mbili zilitoka, na niliwahi kumgombeza Baba Ekisa kwa kupumua kwa nguvu. Lakini alikuwa anapumulia kwangu, zamu yangu. Nafula alijifungua salama, msichana mwenye sauti kubwa. Vipimo vyangu vya mwisho daktari alisema havina kitu, turudi tena baada ya miezi kadhaa. Simwambii mtu nimepona. Nasema havina kitu.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha na tukawa ndugu wa damu. Haukuisha. Majuzi jioni nilikuwa nachambua maharage mlangoni, Baba Ekisa akatoka kazini, akanisalimia, akapita. Ilikuwa zamu ya Nafula. Nikasikia mtoto analia, halafu wote wawili wanacheka kitu ambacho sikukijua. Moyo ukanichoma, pale pale panapochoma siku zote. Miezi ile ya vidonge nilikuwa namwonea Nafula wivu kwa miaka atakayobaki naye mimi nikiwa sipo. Huu wa majuzi ulikuwa mdogo zaidi, wa mambo ya jioni moja. Nikakasirika kidogo, nikapepeta maharage kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Kesho kutwa ni zamu yangu. Na kesho kutwa nitakuwepo.